Uzi: Ramani ya mahitaji ya joto la nyumba mji mzima, na pale mita inapotudanganya

MchoraRamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefuatilia nyuzi kadhaa humu watu wakibishana kuhusu pampu za joto, mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani, na mitandao ya joto, ile ambayo maji huchemshwa mahali pamoja na kusambazwa kwa mabomba hadi majumbani. Ubishi mtamu, ila unaruka hatua. Kabla hujaamua mtaa gani upitishiwe bomba na upi uachiwe pampu, lazima ujue mtaa huo unahitaji joto kiasi gani, saa ngapi, na kwenye majengo ya namna gani. Kazi yangu ni kuchora ramani za aina hiyo, na nyingi zinazofika mezani kwangu zina rangi za kuvutia na kasoro ileile moja.

Kasoro yenyewe ni kwamba zimechorwa kwa bili. Mtu kachukua gesi na umeme uliotumika, kagawanya kwa eneo, kapaka nyekundu palipotumika sana na bluu palipotumika kidogo, juu kaandika "mahitaji". Haya, chukua nyumba kongwe, ukuta wa tofali tupu usio na kihami joto (kitu cha kuzuia joto lisitoke), madirisha ya kioo kimoja. Ndani kuna mstaafu anayewasha chumba kimoja tu, kwingine kote anaacha baridi. Bili yake ni ndogo. Kwenye ramani hiyo nyumba ni bluu, rangi moja na ghorofa jipya lililojengwa kwa viwango vya juu. Mpango ukifuata rangi, mtaa wake unarukwa, na anayeganda anahesabiwa kuwa hana shida.

Hili halijaanza jana. Mwaka 2012 watafiti Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin walilinganisha matumizi yaliyokokotolewa na yaliyopimwa kwenye nyumba zipatazo 3,400 za Ujerumani. Wastani, watu walitumia asilimia 30 pungufu ya hesabu, na kadiri nyumba ilivyokuwa mbovu ndivyo pengo lilivyopanuka. Uingereza, utafiti wa University College London uliotoka 2023 ulikuta mwelekeo uleule kwenye vyeti vya nishati vya nyumba, vinavyoanzia daraja A (bora) hadi G (mbovu): daraja C cheti kilizidi usomaji wa mita kwa asilimia 8, madaraja F na G kwa asilimia 48.

Kwa hiyo bili inaficha uhitaji, na cheti kinaukuza. Msimamo wangu: tabaka tatu zikae mbalimbali kwenye ramani. La kwanza, kilichopimwa. La pili, kile ambacho jengo lingehitaji likipashwa joto ipasavyo. La tatu, kitakachobaki baada ya kuta na paa kutengenezwa. Ukizikoroga kuwa rangi moja, hakuna atakayejua anaangalia nini, hata wewe uliyeichora baada ya miezi sita.

Karibuni tuchambue.

---

Kijana_wa_Kodi

Mkuu, swali la mjinga. Si uombe tu namba za mita zote kwa kampuni ya gesi, mchezo uishe?

---

MchoraRamani

Ungekuwa mchezo mwepesi kama wangekupa, mkuu. Kuna mji mmoja (sitautaja, wala kampuni sitaitaja) tulisubiri hizo namba mpaka hatua ya kwanza ya mpango ikapita. Zilipokuja, anwani zilikuwa zimeandikwa kwa mtindo wao wenyewe, namba za nyumba na herufi zimeganda pamoja, na jengo lenye milango kumi linaonekana kama mteja mmoja. Kuoanisha anwani na majengo ndiko kunakokula muda kuliko hesabu zote za fizikia, na hakuna anayekusimulia hilo chuoni.

Halafu kuna wasio na gesi kabisa. Wanaotumia kuni, mafuta ya tangi, mkaa wa mawe, hita za umeme za kuhamahama. Mita ya gesi haiwajui.

---

Kipimajoto

Niongezee kwenye hizo za mita, maana watu huharibu hapa mapema kabisa: kusahihisha hali ya hewa.

Mwaka ukiwa na baridi kidogo, matumizi yanashuka, na hiyo haimaanishi nyumba zimepona. Tunatumia digrii-siku. Unachagua kiwango cha msingi, Waingereza wamezoea nyuzi 15.5 za Selsiasi, halafu kila siku unahesabu hewa ya nje imeshuka nyuzi ngapi chini ya hapo, unajumlisha mwaka mzima. Marekani wanatumia 65 za Fahrenheit, ambazo ni kama 18.3 za Selsiasi. Eurostat wana utaratibu wao: siku ikiwa na wastani wa 15 au chini, wanahesabu tofauti kutoka 18, ikizidi 15, sifuri. Ukichukua digrii-siku za huku ukaziingiza kwenye kanuni ya kule, hesabu itakubali kimyakimya na jibu litakuwa takataka.

Mtego wa pili. Gesi ya nyumbani si ya kupasha vyumba peke yake, kuna maji ya kuoga na kupikia, ambayo hayajali sana majira. Tuseme nyumba imetumia kWh (kilowati-saa) 14,000. Ukiangalia miezi ya kiangazi unakadiria 3,000 ni za maji na jiko, 11,000 za vyumba. Mwaka huo digrii-siku zilikuwa 1,900, za kawaida ni 2,100. Sahihi ni kukuza hizo 11,000 peke yake: zinafika kama 12,158, ongeza 3,000, unapata 15,158. Aliyekuza zote 14,000 anapata 15,474. Tofauti ya 316 kwa nyumba moja si kitu. Kwa nyumba 50,000 ni karibu GWh 16, yaani kilowati-saa milioni 16, za joto lisilokuwepo.

---

Kijana_wa_Kodi

Nimekupata Kipimajoto. Na hilo tabaka la pili, la jengo "lingehitaji", mnalipataje bila kuingia kila nyumba?

---

MchoraRamani

Huingii. Unalijenga kutoka nje kwenda ndani.

Unaanza na umbo la jengo ardhini, kutoka ofisi ya ardhi au hata OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Kimo unakipata kwenye vipimo vya laida (miale ya leza) vya ndege, au kwenye mfano wa mji wa pande tatu ikiwa mji unao. Berlin kwa mfano wanautoa bure, na umbo la paa limo. Umbo ukizidisha kwa kimo unapata ujazo, idadi ya ghorofa, eneo la sakafu, na la muhimu zaidi, eneo la kuta zinazogusa hewa ya nje. Nyumba ya katikati ya safu ina majirani pande mbili, ukuta wake wa pembeni haupotezi kitu cha maana. Ya mwisho wa safu inapoteza. Mfumo usiotambua kuta za pamoja utazipa nyumba zote za safu njaa ya joto zisizokuwa nayo.

Baada ya hapo ni umri. Mwaka wa ujenzi unakuambia ukuta ulijengwaje, kwa sababu kanuni za ujenzi zilibadilika kwa vipindi. Mradi wa Ulaya ulioitwa TABULA ulipanga nyumba za nchi nyingi kwa aina wakilishi: nyumba ya familia moja ya kipindi fulani, ghorofa la kipindi fulani, kila moja na viwango vyake vya upotevu wa joto kwa ukuta, paa, dirisha, sakafu.

Mwishowe unapata namba moja kwa kila jengo: wati zinazopotea kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nyumba yenye wati 250 kwa nyuzi, kwenye mji wa digrii-siku 2,200: 250 mara 2,200 mara saa 24, unapata kWh 13,200 kwa mwaka. Ukipitisha kwenye boila (mtambo wa nyumbani wa kuchemsha maji) yenye ufanisi wa asilimia 85, mita ya gesi itasoma kama 15,500.

Sehemu dhaifu ni ukarabati. Mwaka wa ujenzi unasema 1930, kumbe paa liliwekwa kihami joto kizuri na madirisha yakabadilishwa. Hifadhidata haijui. Hapo ndipo mita inaporudi kuwa rafiki: ukiona mtaa mzima wa nyumba za 1930 mita zake ziko chini sana kuliko hesabu, ama wamekarabati ama wanaganda. Rekodi za vibali vya ujenzi na takwimu za kipato zitakusaidia kujua ni lipi. Ukikosa, tuma mtu akatembee mtaa huo.

---

NdegeMjanja

Mnahangaika bure. Rusha ndege yenye kamera ya joto usiku wa baridi, paa linalong'aa linavuja, lisilong'aa halivuji. Ramani ya mji mzima kwa usiku mmoja. Kazi kwisha.

---

Kipimajoto

Nilikuwa najua utakuja tu 😂

Kamera inaona mionzi inayotoka kwenye uso wa paa, haioni kilowati-saa. Paa la bati linaakisi anga, na anga la usiku lisilo na mawingu ni baridi mno, kwa hiyo bati linaonekana la barafu hata kama chini yake kunavuja vibaya. Na paa "baridi" la vigae lina maana mbili, kihami kizuri au nyumba isiyowashwa. Umerudi palepale kwa mstaafu wa MchoraRamani. Na kuta je? Ndege inapita juu, haizioni.

---

NdegeMjanja

Bado inawatoa watu usingizini. Mwenye nyumba akiona paa lake jekundu na la jirani bluu, anampigia fundi simu. Hesabu zako za wati kwa nyuzi nani anazisoma?

---

MchoraRamani

Hapo nakubaliana nawe, kwa kuhamasisha inafaa. Kwa kupanga ukubwa wa bomba, hapana.

---

Bomba_la_Moto

Nimekaa kimya nikisoma. Mimi niko upande wa kuchimba mitaro, niseme ramani inavyotufikia sisi.

Kwenye mtandao wa joto, gharama kubwa iko ardhini. Tunachouliza ni kila mita ya bomba itauza joto kiasi gani kwa mwaka, mengine tunayafuata baadaye. Wapangaji wengi wanaanza kuchangamka namba ikifika MWh 1.5 au 2 kwa mita (MWh moja ni kilowati-saa elfu moja). Wenye uzoefu mrefu, hasa Denmark, hushuka chini ya hapo.

Shida ni jinsi namba hiyo inavyokokotolewa. Mtaa wa mita 200, nyumba 40 za safu, kila moja MWh 10. Jumla 400. Mchora ramani anagawanya 400 kwa 200, anapata 2.0, anashangilia. Lakini kila nyumba inataka tawi lake kutoka barabarani hadi mlangoni, tuseme mita 6. Mara 40, hizo ni mita 240 nyingine. Sasa ni 400 kwa 440: 0.91. Halafu si wote watajiunga. Wakijiunga 24 kati ya 40, unauza MWh 240 kwenye mita 344, umefika 0.70. Mtaa uleule, mtaro uleule.

Na hapo bado hujaweka tabaka la tatu la mkuu mwanzisha uzi. Bomba linakaa ardhini miongo kadhaa. Nyumba zikiwekwa kihami joto, mauzo yanashuka na bomba ni lilelile. Ndiyo maana nikipewa ramani moja yenye rangi moja huwa nairudisha.

---

Dada_Takwimu

Bomba_la_Moto umenena. Ila mita sita za tawi kwa nyumba zote ni ukarimu. Nyumba zilizojitenga zenye bustani mbele, tawi linakwenda mita 15 bila shida. Pima umbali halisi kutoka katikati ya barabara hadi kwenye jengo, GIS (programu ya ramani) inafanya hilo kwa sekunde.

Nimeingilia kwa ajili ya jambo jingine, faragha. Ramani ya joto ya nyumba mojamoja inasema mengi. Bili ikishuka ghafla, mwenyewe yuko safarini au kafariki. Ndiyo maana kwenye sheria ya Ujerumani ya mipango ya joto, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2024, data za matumizi za nyumba za familia moja zinatolewa zikiwa zimejumlishwa, angalau namba tano za nyumba kwa pamoja. Wachoraji wanalalamika kwamba tano tano zinavuruga. Mimi naona ni sawa, maana hakuna bomba linalopangwa kwa nyumba moja.

Wajerumani hao wana chanzo kingine ambacho wengine tunakitamani: wasafisha dohani. Kila wilaya ina msafisha dohani mwenye rekodi rasmi ya kila kichomeo, kinachoma nini, kina ukubwa gani, kina umri gani. Watumiaji wa kuni na mafuta ya tangi wasioonekana kwenye mita ya gesi wamo humo.

---

Kijana_wa_Kodi

Sasa kama rekodi ina ukubwa wa boila, si unajumlisha tu ukubwa wa boila zote unapata kilele cha mahitaji ya mji siku ya baridi kali?

---

Kipimajoto

Hapana, hapana! Hilo limeshauza mitambo mikubwa isiyohitajika.

Rudi kwenye nyumba ya wati 250 kwa nyuzi. Ndani 20, nje hasi 3, tofauti ni 23. Inahitaji kilowati 5.75. Boila iliyomo ndani ni ya kilowati 24, kwa sababu inachemsha maji ya bafu papo hapo bila tangi. Ukijumlisha boila umezidisha mara nne. Kisha watu hawaogi wala hawawashi kwa dakika moja wote, kwa hiyo kilele cha nyumba elfu ni kidogo kuliko vilele elfu vikijumlishwa.

Lakini usidharau kilele. Uingereza ilipopigwa na baridi kali ya Machi 2018, matumizi ya gesi ya mitandao ya ndani, ile inayofika majumbani na kwenye biashara, yalifika takriban gigawati 214 jioni ya tarehe 1, wakati umeme ulikuwa kama 53. Anayetaka kuhamishia joto lote kwenye umeme aanze na hizo namba mbili. Pampu ya joto itazipunguza, kwa kuwa uniti moja ya umeme inavuta mbili au tatu za joto, ila kumbuka ufanisi wake unashuka usiku uleule ambao kila mtu anauhitaji.

Kwa hiyo ramani ya kilowati-saa kwa mwaka inafaa kwa mapato na moshi. Kwa nyaya na transfoma unahitaji ramani ya pili, ya kilowati kwa saa mbaya kuliko zote.

---

Msafiri_wa_Nyika

Mnazungumzia miji yenye anwani na mita. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, je? Katikati ya mji kuna mtandao wa joto wa miaka mingi, pembezoni kuna familia kwenye ger, mahema ya duara, na kila moja ina jiko. Mkaa wa mawe ghafi ulipigwa marufuku mjini humo 2019, wakapewa matofali ya mkaa uliosindikwa. Hakuna mita, hakuna mwaka wa ujenzi, na ger inaweza kuhamishwa.

---

MchoraRamani

Swali zuri sana, na ndilo linaloonyesha kwamba tabaka la pili halihitaji bili hata moja. Ger ni umbo moja, ukubwa unajulikana, tabaka za manyoya ya kondoo zinajulikana. Kwenye picha ya setilaiti unaona duara jeupe, unahesabu. Pima chache kwa vipimajoto na mizani ya mkaa msimu mmoja, unapata upotevu wa wastani, unazidisha. Utakuwa na makosa kwa ger mojamoja, lakini kwa mtaa mzima utakuwa karibu. Kuhama si tatizo, piga picha kila vuli.

---

Kijana_wa_Kodi

Naona kuna ramani za bure mtandaoni za Ulaya nzima, kila mraba wa mita 100 una namba yake. Hizo hazitoshi?

---

Dada_Takwimu

Peta na Hotmaps. Nzuri kwa kuanza, zitakuonyesha mji wako una kiini kinene au umetawanyika. Lakini nyingi ya namba hizo zimeshushwa kutoka jumla ya nchi, zikagawanywa kwa watu na majengo. Mraba wako haukupimwa na mtu, umepewa fungu. Mtu akikuletea hizo kama ushahidi wa kuchimba barabara fulani, mkaribishe chai mzungumze mengine.

---

Mpangaji_Mpya

Nimesoma uzi wote, shukrani. Naingia ofisi ya mipango ya mji wa kati, tumeambiwa tutoe ramani, bajeti ndogo, mita hatujapewa. Naanzia wapi? Naomba jibu la vitendo.

---

MchoraRamani

Karibu sana. Usisubiri mita. Wiki za mwanzo chukua maumbo ya majengo, vimo, na umri hata wa kukadiria kwa vipindi, utoe tabaka la pili kwa mji mzima. Wakati huohuo andika barua ya kuomba matumizi yaliyojumlishwa kwa mtaa, na kwenye barua hiyo ombeni kwa jina vitu vinne: kipindi cha kusoma mita, idadi ya mita zilizojumlishwa, kama namba imeshasahihishwa hali ya hewa, na kwa kanuni gani. Wasipoandika hilo la tatu mtalisahihisha mara mbili.

Kisha kaa na orodha ya majengo makubwa: hospitali, shule, mabwawa ya kuogelea, ofisi za serikali. Hayo piga simu moja moja upate bili halisi, kwa sababu ni wateja wachache wanaobeba sehemu kubwa na ndio watakaoanza kuunganishwa. Bwawa la kuogelea hasa, linataka joto hata Julai.

---

Bomba_la_Moto

Na weka kwenye ramani hiyohiyo joto linalotupwa. Mtambo wa maji taka, vituo vya data, viwanda. Odense kule Denmark wanachukua joto la kituo cha data cha Meta, kampuni yenye Facebook, na kulipeleka majumbani. Andika na nyuzi zake, maana maji ya 30 yanataka pampu ya kuyapandisha, ya 90 unayaunganisha moja kwa moja. Nimeshaona ramani ina duara kubwa la "joto la ziada" bila nyuzijoto, haitusaidii kitu.

---

Mpangaji_Mpya

Hapo kwenye umri wa majengo, ofisi ya ardhi ina mwaka kwa kama nusu tu ya majengo. Hiyo nusu nyingine?

---

Dada_Takwimu

Tafuta ramani za zamani za mji zilizochapishwa kwa vipindi. Jengo halipo kwenye ya 1950, lipo kwenye ya 1970, umeshapata kipindi, na kipindi kinatosha kwa aina wakilishi. Zilizobaki chukua umri wa majirani wenye umbo na kimo kinachofanana, ila ziwekee alama pembeni kwamba umri ni wa kukisia. Bomba_la_Moto akiuliza kwa nini mtaa fulani umetoka mwekundu, uwe na cha kumwonyesha.